Daraja la Nithi halina laana

Kila ajali ikitokea Nithi, lazima kuna mtu atasema pale pana laana. Mimi nakataa.

Ukitoka Embu kwenda Meru, barabara inavuka mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya kuelekea Tana: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga. Kila mto umechimba bonde lake. Pale Nithi unateremka mteremko mkali, kona inakungoja, halafu ndio unafika kwa daraja. Breki zikikataa hapo, dereva hana pa kwenda. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia huko chini na zaidi ya watu 30 wakafa.

Sasa angalia Uingereza. Huko mashambani Dartmoor, kijiji cha Postbridge kina daraja la mawe la miaka mia kadhaa, lililojengwa kwa farasi waliobeba mizigo mgongoni. Magari ya kukokotwa na farasi yalipohitaji kupita, karne ya 18 wakajenga lingine kando yake. La zamani bado lipo, watu wanalivuka kwa miguu na kupiga picha.

Safari zikibadilika, njia nayo ibadilishwe. Baada ya ajali ya 2022 tuliambiwa Nithi itachorwa upya. Tukiendelea na story za laana, tutaitisha maombi tu, na wenye kazi ya kunyoosha hiyo kona watalala fofofo. Watu wetu bado wanapita hapo kila siku. Mnaonaje?