Mtani wa Msibani: Kariakoo na Historia ya Kufarijiana

Kila mechi ya Simba na Yanga inapokaribia, watangazaji hutukumbusha kuwa ni watani wa jadi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936, na klabu zote mbili zimekulia Kariakoo. Tumelisikia neno hilo hadi tumesahau kuwa mtani hakuwa mpinzani tu. Alikuwa mtu wa msibani. Nimelifuatilia kwa sababu naona lina jibu la swali linalowasumbua watu wazima wengi hapa mjini: mambo yakikuzidi, nani ana wajibu wa kuja?

Utani ni mkongwe kuliko Dar es Salaam. Baadhi ya watani walikuwa maadui waliopigana kisha wakapatana. Wengine waliunganishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba pembe za ndovu hadi pwani wakipita nchi za watu wengine. Mtu akifia njiani, ndugu zake wako mwendo wa miezi. Lazima awepo wa kumzika, na mtani alikuwa na wajibu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Reginald Moreau, mtafiti wa Kiingereza anayejulikana zaidi kwa elimu ya ndege, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika na kuonyesha jinsi ulivyounganisha makabila mengi.

Kazi za mtani msibani zilikuwa wazi. Alichimba kaburi, alishika shughuli ambazo wafiwa hawana nguvu nazo, kisha akaanza vituko. Aliiga mwendo wa marehemu. Alimsema kwa ubahili wake. Pengine alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hawakuruhusiwa kukasirika. Ukitazama kwa jicho la leo utaona ufidhuli, lakini fikiria hali ya mfiwa. Watu wote wanaomzunguka wanalia, na kila mmoja anamtazama kuona analiaje. Mtani peke yake ndiye aliyekuwa karibu kiasi cha kuchimba kaburi, na mbali kiasi cha kuweza kuchekesha. Alimpa mfiwa nafasi ya kupumua, na kumsema marehemu kwa kasoro zake kulimrudisha kuwa mtu aliyeishi, si maiti tu.

Sasa turudi Kariakoo. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kikapiga kambi eneo hili. Midomo yetu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa, wengi wakazikwa bila jina. Kwa hiyo tunaponunua vitenge na simu pale sokoni, tunatembea katika mtaa ulioitwa kwa watu waliokufa mbali na kwao.

Waliohamia baadaye walilijua tishio hilo. Sensa ya 1948 iliukuta mji una watu karibu 69,000. Ile ya 1957 ikakuta karibu 129,000. Wengi walifikia katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani kwa nyuma. Mmanyema alipanga karibu na Mzaramo, Myao karibu na Mpogoro. Utani wa safarini ukapata kazi mpya mjini. Pamoja nao vikaja vyama vya watu wa nyumbani, ambavyo kazi yake mojawapo kubwa ilikuwa kuhakikisha mwanachama hakosi sanda wala watu wa kumsindikiza. Wanawake walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, walikochezea harusi na kusaidiana kwenye shida. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopewa jukumu la kuwaingiza wanawake TANU, alianzia huko. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi kiitwacho Bomba. Aliwakuta wanawake ambao tayari walikuwa na viongozi, michango na mazoea ya kuitana.

Sitaki kuipamba zamani. Utani uliweza kumuumiza mtu na kumnyima haki ya kulalamika. Vyama vya kikabila vilimwacha nje aliyekuja peke yake kutoka mbali. Uani uliwaleta watu pamoja, na uani huohuo ulikosa siri.

Leo nyumba nyingi za aina hiyo zimebomolewa, ghorofa zimesimama. Tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Wapita njia na wafanyabiashara waliungana na waokoaji kufukua kifusi, wengine kwa mikono mitupu. Anayesema watu wa mjini wamekosa huruma aikumbuke siku hiyo. Tunachokosa ni mtu wa siku ya arobaini, mahema yakishakunjwa.

Niliwahi kuliona hilo katika jengo ninalopanga, mitaa ya Gerezani. Dada mmoja wa ghorofa ya tatu alifiwa na mama yake. Kundi la wapangaji kwenye simu lilijaa "pole sana" kwa muda wa dakika chache, na mchango ukatumwa. Kisha kimya. Tulipishana naye kwenye ngazi kwa wiki mbili, kila mmoja akiogopa kusema neno baya, hivyo hatukusema lolote. Aliyevunja ukimya ni kaka anayeuza viatu pale chini, Yanga damu. Yule dada ni Simba. Alimwambia, "Mama yako amechoka kufungwa kila mwaka, wewe unabaki kufanya nini?" Tuliosikia tuliganda. Dada akacheka hadi akakaa chini, kisha akalia kwa mara ya kwanza mbele yetu. Kaka akaacha viatu vyake, akaketi naye kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Kesho yake alirudi, na keshokutwa.

Sidhani kama kaka yule alijua habari za misafara ya Wanyamwezi. Alijua tu kuwa yeye ni mtani, na mtani hasubiri kualikwa. Hilo ndilo ninaloona tumelipoteza kuliko huruma yenyewe. Wazee wetu hawakuiacha faraja itegemee nani amejisikia vizuri kuja, au nani ana maneno mazuri. Waligawa kazi kabla ya msiba, na mwenye kazi asipokuja aliulizwa.

Sisi hatuwezi kurudisha makabila ya watani kama yalivyokuwa, na pengine hatupaswi. Lakini tuna ngazi, tuna vijiwe vya kahawa, tuna vikoba na wachezaji wa upatu ambao kijumbe wao anajua nani hakuonekana wiki hii. Marafiki wawili wanaweza kuambiana mapema, kabla ya shida: ukipatwa, mimi nakuja bila kuuliza, na nikipatwa, uje hata nikikufukuza.