Tezo na Tingatinga: Sanaa, Teknolojia na Mji katika Historia ya Mtwara na Bonde la Ruvuma



Mhadhara huu unahusu mambo matatu ambayo katika vyuo vyetu huwekwa katika idara mbalimbali: sanaa, teknolojia na mji. Sanaa hukabidhiwa wanafasihi na wachoraji, teknolojia huachiwa wahandisi, na mji huwa mali ya wanajiografia na wanasosholojia. Kiswahili chenyewe hakikuyatenga hivyo. Neno *sanaa* tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kutengeneza kitu kwa ustadi, na kutokana na mzizi huohuo Kiarabu cha leo kinapata neno lake la viwanda. Hapa pwani pia, kazi ya sanaa ilikuwa kazi ya mkono uliofunzwa: mlango wa nakshi, jahazi, mkufu, mkeka wa rangi. Fundi na msanii walikaa nyumba moja kabla ya elimu ya kisasa kuwajengea ukuta katikati.

Uwanja wa uchunguzi wetu ni pwani ya kusini, kutoka Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, pamoja na bara yake: Newala, Masasi, Nachingwea na Tunduru, na ng'ambo ya mto, uwanda wa Mueda nchini Msumbiji. Swali ni hili: teknolojia ngeni inapoingia mahali, ni wakati gani huzaa sanaa, na ni wakati gani hupita kama upepo? Hoja nitakayoitetea ni kwamba ukubwa wa mashine si kigezo. Teknolojia huzaa sanaa pale chombo kinapoingia mkononi mwa mwenyeji, naye akawa na uhuru wa kukitumia kwa jambo ambalo aliyekileta hakulikusudia. Nitaichunguza hoja hiyo kwa kufuata matukio manne.

Santuri ya nta, 1906

Tukio la kwanza ni la mwaka 1906, wakati nchi ya kusini ilikuwa bado inatoka damu ya Vita vya Maji Maji. Mwanaethnolojia wa Kijerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kutoka Lindi kwenda Masasi na Newala. Pamoja na wapagazi na shehena ya kawaida ya msafara, alibeba kamera ya picha, mashine ya kunasa sauti katika mitungi ya nta, na mashine ya kupiga picha za sinema. Nyimbo na ngoma za Wayao, Wamakua na Wamakonde zilinaswa kwa vyombo hivyo wakati ambapo sinema yenyewe ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi na mitano tangu izaliwe Ulaya.

Kwa historia ya muziki wa Afrika Mashariki, hii ni hazina isiyo na bei. Hata hivyo, tukiupima mkutano huo kwa kigezo chetu, tunaona kwamba chombo hakikubadilisha mikono. Mwimbaji aliimba mbele ya pembe ya mashine, mashine ikafungwa katika sanduku, na sauti ikasafiri hadi Ujerumani. Huko ikawa data ya wataalamu. Huku kusini ngoma iliendelea kama ilivyokuwa, bila mwenyeji yeyote kupata nafasi ya kujiuliza angeweza kufanya nini na kifaa kile.

Mji uliozaliwa na karanga

Tukio la pili ni Mpango wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikaamua kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za pori, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, ili kulima karanga kwa mashine. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na jimbo la kusini likapangiwa mashamba ya Nachingwea. Katika matrekta yaliyotumika yalikuwemo yaliyoundwa kutokana na vifaru vya kivita vya Sherman. Ili mazao ya kusini yapate njia ya kutokea, ilijengwa reli, na bandari ya kina kirefu ikajengwa katika ghuba ya Mtwara, kwa sababu maji ya Mikindani, mji wa kale wa majahazi, hayakutosha kwa meli kubwa.

Karanga hazikuja. Mvua, udongo, mizizi ya miti na uharibifu wa mashine viliushinda mpango huo, na mapema mwaka 1951 ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli iliendelea kwa miaka michache bila shehena ya kuilisha, kisha katika miaka ya mwanzo ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Kilichobaki ni bandari, pamoja na mji wenye barabara pana na mitaa iliyotawanyika, uliopimwa kwa ajili ya watu ambao hawakufika. Majina ya kata ni kumbukumbu inayosomeka hadi leo. Ufukoni inaitwa hivyo kwa sababu ya ufuko. Reli inaitwa hivyo kwa sababu ya reli ambayo mtoto anayezaliwa humo hataiona.

Hapa pia chombo kilibaki mikononi mwa mwenyewe. Mkulima wa Nachingwea aliajiriwa kukiendesha au kukipisha, na kilipokufa hakumwachia kazi ya kubuni. Lakini Mtwara mpya, vibarua wake, mashamba ya mkonge ya pwani na barabara za kwenda Dar es Salaam viliwavuta watu kutoka pande zote mbili za Ruvuma. Miongoni mwao walikuwamo Wamakonde wa Mueda, waliokimbia kazi za kulazimishwa na kodi za Wareno. Walivuka mto kutafuta mshahara, na baadhi yao walibeba tezo.

Tezo mjini

Kwa desturi, mchongaji wa Kimakonde alichonga kinyago cha kuvaliwa kichwani, *lipiko*, kwa mti mwepesi, ili mchezaji aweze kucheza nacho katika sherehe za jando na unyago. Mji na soko vilibadilisha malighafi. Mnunuzi mgeni alipenda weusi na uzito wa mpingo, mti mgumu ambao Ulaya hutengenezewa zumari za klarineti. Ugumu wa mpingo ukadai mbinu mpya: tezo iliyonolewa vizuri, patasi, tupa za kiwandani, kisha msasa, na mwisho rangi ya viatu ili mti ung'ae. Neno *msasa* lenyewe lina historia ya teknolojia ndani yake. Kwanza lilikuwa jina la mti wenye majani yanayokwaruza, yaliyotumiwa kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipofika, ikarithi jina la jani.

Katika miaka ya 1950 wachongaji walikusanyika Dar es Salaam, ambako mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao na kuwahimiza wabuni. Mwishoni mwa muongo huo Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa viumbe wenye maungo yaliyopinda, jicho moja au mdomo uliochanika, ambao uliitwa *shetani*. Kwa upande mwingine, Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, alileta mtindo wa watu wengi waliobebana katika gogo moja. Mtindo huo ulijulikana kwa Kimakonde kama *dimoongo*, yaani nguvu. Na katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, ukapata jina la *ujamaa*.

Nawaomba wanafunzi wa isimu wasimame kidogo hapa. *Shetani* ni neno la Kiswahili cha pwani lenye asili ya Kiarabu. Mchongaji alilivika mizimu ya uwanda wa Mueda, ambayo ilikuwa na majina yake yenyewe. *Ujamaa* ni neno la siasa lililowekwa juu ya sanamu ambayo awali ilisifu nguvu. Na *kinyago*, ambalo kwa umbo lake linaonyesha udugu na *unyago*, lilitoka katika faragha ya wali na makungwi likaenda barabarani, hata leo kijana wa mjini akilisikia hufikiria kwanza sanamu ya kuuzwa. Mji ulitoa soko na pia ulitoa lugha. Bila Kiswahili, Mmakonde wa Mueda, dalali wa Kihindi na mnunuzi kutoka mbali wasingekuwa na majina ya pamoja ya kuitia bidhaa iliyokuwa mpya kwao wote.

Wapo wanaosema kwamba vinyago hivi ni sanaa ya watalii, na kwa hiyo si sanaa ya kweli. Marudio yapo, wala hatuwezi kuyaficha: meza za soko la Mwenge zina sanamu mamia zinazofanana. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba sanaa ya kweli ni ile isiyoguswa na soko wala chombo kipya. Utafiti wa Zachary Kingdon, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba wachongaji wa shetani walikuwa wabunifu wenye fikra zao kuhusu mwili, mizimu na dunia waliyoingia. Biashara iliwapa nafasi, haikuwapa mawazo. Wahenga walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Watu hawa walichonga kitisho cha maisha ya mjini, wakakigeuza riziki.

Rangi ya baiskeli

Tukio la nne linatupeleka juu zaidi ya bonde la Ruvuma, Tunduru, alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932. Naye alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari, akitumia rangi ya mafuta iliyouzwa madukani kwa ajili ya baiskeli. Alipofariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, alikuwa amewafunza jamaa na marafiki wachache. Kutokana na hao, mtindo ulioitwa kwa jina lake umeenea duniani.

Rangi ile ilibuniwa kuzuia kutu, na ubao ule kuziba dari. Hakuna kiwanda kilichokusudia kupamba ukuta wa sebule ya Stockholm au Tokyo. Tingatinga alitumia kilichopatikana kwa bei aliyoimudu, na mng'ao wa rangi ya baiskeli ukawa ndio sura ya mtindo. Kwa sadfa nzuri ya lugha yetu, *tingatinga* ni pia jina la mashine kubwa ya kusukuma udongo na kung'oa visiki. Nachingwea ilikuwa na tingatinga za chuma, nazo zimekwisha kuwa kutu. Tingatinga ya ubao na brashi ingali inafanya kazi.

Njia hiyohiyo ilifuatwa na George Lilanga (1934–2005), Mmakonde wa kusini aliyejiunga na Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Yeye aliwatoa mashetani katika mpingo akawatia katika kitambaa, karatasi na bati. Kila alipopata kifaa kipya, aliwauliza viumbe wake wataishije humo.

Deni letu

Ndugu Mwenyekiti, historia hii ina uchungu wake. Mti ulitoka kusini, mikono ilitoka kusini, na jina likatengenezwa Dar es Salaam. Mgeni anayetafuta kinyago bora cha Kimakonde hushauriwa kwenda Mwenge, si Mtwara. Mpingo wenyewe hukua polepole sana, na hauwezi kustahimili uvunaji usio na mpango. Inatia moyo kwamba mwaka 2009 baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu yao, ili mwanakijiji anufaike na mpingo ukiwa bado umesimama. Inatia moyo pia kwamba mjini Mtwara limefanyika tamasha la ngoma la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganisha silabi za Makonde, Makua na Yao. Hilo ni jina lililobuniwa kusini, na watu wa kusini.

Wajibu wa wanaisimu ni wa aina yake. Istilahi za wachongaji, yaani majina ya tezo na sehemu zake, ya mikato, ya dosari za mti na ya mitindo, zimo vichwani mwa mafundi ambao wengi wao ni wazee. Baadhi ni za Kimakonde, baadhi za Kiswahili, na baadhi zimezaliwa sokoni. Kamusi zetu kubwa zinalo neno *kinyago*. Hazina hata sehemu ndogo ya msamiati wa anayekichonga. Mwanafunzi atakayekaa chini ya mwembe na mafundi hao, daftari mkononi, atakuwa ameandika historia ya teknolojia na historia ya sanaa kwa kalamu moja.

Mwaka 1906 kamera ilikuwa mkononi mwa Weule peke yake. Leo kijana wa Chikongola anayo katika simu yake, anarekodi ngoma ya arusi na kuisambaza kabla ngoma haijapoa. Sharti la kwanza, la chombo kuwa mkononi mwa mwenyeji, limetimia. Sharti la pili, la uhuru wa kukitumia kwa jambo lisilokusudiwa, linategemea iwapo shule, vyuo na halmashauri zetu zitamtazama kijana huyo kama tulivyochelewa kumtazama mchongaji: kwamba ni fundi, na kwa sababu hiyohiyo ni msanii.