Methodi ilianzia kwenye tepu ya karatasi

Fungua skripti ya kwanza ya mtu aliyejaribu kuifanya kompyuta imchezee gemu. Mara nyingi utakuta lupu moja ndefu kama treni: kata mti, angalia begi, tembea hadi benki, weka magogo, rudi, kata tena. Amri za kutembea zimenakiliwa sehemu nne. Gemu ikihamisha benki, unarekebisha tatu, ya nne unaisahau, na mhusika wako anakesha akigonga ukuta.

Wapenzi wa RuneScape wanalijua hilo vizuri. Gemu hiyo, ya kampuni yenye makao Cambridge, Uingereza, ilitoka Januari 2001, ikiwa imeandikwa kwa Java, na wengi waliotaka kuichezesha kwa skripti walitumia lugha hiyohiyo. (Kampuni yake, Jagex, inakataza boti. Ukikamatwa, akaunti inafungwa.) Ajabu ni kwamba tatizo la lupu ile ndefu lilishapata dawa katika mji huohuo, zaidi ya miaka 50 kabla.

Mei 6, 1949, kompyuta ya EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Cambridge. Amri zilitobolewa kwenye tepu ya karatasi, na kumbukumbu ilikuwa finyu mno, kwa hiyo kuandika hesabu ya kipeo cha pili mara tano ndani ya programu moja ilikuwa anasa. Basi iandike mara moja, kisha uiruke kila unapoihitaji. Sawa, lakini ukimaliza unarudi wapi?

Hapo ndipo penye utamu. Fikiria mtoto anayetumwa dukani na nyumba tano tofauti: njia ya dukani ni moja, ila lazima ajue leo katumwa na nani. EDSAC haikuwa na amri ya kukumbuka hilo. David Wheeler, mwanafunzi wa uzamili wakati huo, akabuni ujanja: kabla ya kuruka, programu inabeba alama ya mahali ilipo, sabrutini inaipokea, inatengeneza amri ya kurudi, na kuiandika mwishoni mwake yenyewe. Yaani programu inajirekebisha ikiwa njiani! Udhaifu wake: mtoto akitumwa tena kabla hajarudi, anwani ya kwanza inafutika. Java haina shida hiyo, kwa sababu kila mwito unawekwa juu ya mwingine kama sahani, na wa mwisho ndio unaoondolewa kwanza.

Kufikia 1951 maktaba ya EDSAC ilikuwa na sabrutini 87. Mwaka uliofuata A. S. Douglas akaandikia mashine hiyo gemu ya OXO, ambayo mchezaji alicheza kwa kuzungusha namba kama za simu ya zamani.

Sasa rudi kwenye skripti yako. Igawe: begiLimejaa(), kataMti(), nendaBenki(). Ya kwanza inajibu swali tu, ndiyo au hapana. Mbili zinazobaki zinatenda. Mimi naona mgawanyo huo una faida kuliko kuhesabu mistari, kwa sababu methodi inayojibu swali huku ikitembeza mhusika kimyakimya ni ngumu sana kuijaribu peke yake. Lupu kuu inabaki mistari mitatu au minne, na benki ikihamishwa, unafungua nendaBenki() pekee.

Neno goto, la kuruka ovyo, bado limo kwenye orodha ya maneno yaliyohifadhiwa ya Java. Halina kazi, ukilitumia, kompaila inakataa.