Ulipaji kodi wa biashara ndogo, Sultan Hamud

Sultan Hamud ni mji wa Kaunti ya Makueni, Kenya, kando ya barabara ya Nairobi–Mombasa, uliopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar (1896–1902). Mikahawa, maduka na gereji zake hutegemea sana wasafiri. Wakipungua, kodi nayo huyumba.

Kodi inayowagusa zaidi wafanyabiashara wadogo ni ile ya mauzo ghafi. Hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na hapo ndipo penye ugumu: anayeuza kwa hasara bado hudaiwa. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kiwango kilishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikirudisha asilimia 3, kwa mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kwa asiye na mhasibu, kufuatilia mageuzi hayo ni kazi nyingine. Ritani huwasilishwa mtandaoni kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mara nyingi kwa msaada wa vijana wa saiba (vibanda vya intaneti).

Kisha kuna leseni ya kaunti, mauzo yawepo yasiwepo. Kanjo, yaani askari wa kaunti, hufika mlangoni na anaweza kufunga duka. Mamlaka ya Mapato Kenya haionekani upesi hivyo. Pesa zikiadimika, si vigumu kukisia nani hulipwa kwanza.