Nani Alihesabu Makabila 42?

Tukiwa praimari tulikariri kwamba Kenya ina makabila 42. Ukiandika 41 kwa mtihani, umekosa. Hakuna hata mmoja wetu aliuliza: nani alihesabu, na alihesabu aje?

Iko hivi, wasee. Jina huja kwanza. Halafu mtu anakaa chini na majina, anayapanga kwa orodha. Na ukipanga, lazima uamue: huyu ni kabila, yule ni tawi la kabila, huyu mwingine hayuko.

Angalia Bonde la Ufa. Wanandi, Wakipsigis, Watugen na majirani zao walikuwa kila mmoja na jina lake. "Kalenjin", yaani "nawaambia", lilishika kama jina la pamoja miaka ya 1940, mkoloni akiwa bado hapa. Sensa ya 1969 iliwahesabu mbalimbali. Ya 1979 ikawaweka chini ya jina moja. Watu ni walewale, mashamba ni yaleyale, ila kwa karatasi makabila yamepungua. Pwani nako, Wagiriama, Wadigo, Waduruma na wenzao sita wakaitwa Mijikenda, yaani miji tisa. Jina hilo pia lilienea miaka hiyohiyo ya 1940.

Hayo majina si ya uongo. Watu wenyewe waliyachukua, wakayatumia kuungana na kudai haki zao. Lakini yanaonyesha kwamba orodha hubadilika hata kama watu hawajabadilika.

Sasa shida ni ukiachwa nje. Wamakonde walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Watoto na wajukuu wakazaliwa hapa, lakini kwa sababu serikali haikuwatambua, wengi hawakuwa na kitambulisho. Na Kenya bila kitambulisho husajili laini, hufungui akaunti, hupigi kura. Mwaka wa 2016 wakaanza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu, Nairobi. 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44. Wapemba nao wakangoja hadi 2023.

Kumbe ile 42 tuliyokariri haikuwa imechongwa kwa jiwe.

Sensa ya 2019 karani alifika kwetu. Baba ni Mluhya, mama ni Mkamba, na mimi naongea Kiswahili na Sheng ya Kayole. Fomu ilitaka kabila moja tu. Akaandika la baba, akaenda nyumba inayofuata. Mama alicheka, lakini nilimwona akiangalia ile tableti.

Kwa hivyo siku utakapojaza fomu yenye visanduku, usitafute chako pekee. Uliza nani aliichora, na nani hakupewa.