Somo dogo la chuo kikuu

Somo dogo ni fungu la kozi ambalo mwanafunzi wa shahada ya kwanza huchukua nje ya somo lake kuu, mara nyingi kozi 5 hadi 7, bila kupata shahada nyingine. Likitoka katika taaluma ya mbali na somo kuu, kwa mfano uchumi kwa mwanafunzi wa mawasiliano, huwa somo dogo mtambuka.

Mgawanyo wa somo kuu na dogo ulianza Marekani miaka ya 1870, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Vyuo vya Uingereza vilishikilia taaluma moja au mbili, na Kenya ikarithi mkondo huo.

Katika Kaunti ya Machakos mikondo yote miwili ipo. Chuo Kikuu cha Daystar, kilichopata hati 1994 na chenye kampasi Athi River, kinafuata desturi ya Kimarekani ya somo kuu na dogo.

Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati 2016, kinafundisha walimu wa sekondari kwa masomo mawili yenye uzito sawa. Hapo uchaguzi una mipaka migumu: Tume ya Huduma za Walimu hudai angalau C+ ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) katika kila somo la kufundishia, hivyo uchaguzi wa mwanafunzi wa Kiswahili anayetamani Historia huamuliwa kwa kiasi kikubwa na cheti cha mtihani huo. Somo dogo halina kizuizi hicho cha kitaifa; linalohitajika ni kozi za utangulizi, nafasi kwenye ratiba na idhini ya idara.