Mwandiko wa Kadi ya Harusi Ulikotoka



Kadi nyingi za harusi tunazoletewa siku hizi zina mwandiko wa aina moja: herufi nyembamba zilizolalia kulia, mikia imejikunja kama ua la hina, zote zimeshikana mikono. Ukiuliza dukani utaambiwa tu ni "fonti ya kadi". Lakini ina historia, na wanawake wamo ndani yake.

Mzizi wake ni Italia, na kutoka huko ukafika Uingereza. Mwaka 1618 mwalimu wa mwandiko wa London, Martin Billingsley, aliandika kwamba mwandiko wa Kiitalia ndio wanaofundishwa wanawake, kwa kuwa ni mwepesi na wao hawana subira ya kujifunza kwa taabu. Hawana subira! Na miaka hiyo hiyo kule Edinburgh alikuwepo Esther Inglis, aliyeandika kwa mkono vitabu vidogo vya kutosha kiganjani. Mwaka 1599 alinakili Mithali za Suleiman kwa mitindo mingi tofauti ya mwandiko. Na karne kadhaa kabla yao, Baghdad ilikuwa na Bi Shuhda, aliyefariki 1178. Alisomesha hadithi hata wanaume wakaja kupokea kwake, na kwa uzuri wa mkono wake akaitwa al-Katiba, yaani mwandishi.

Ule unene na wembamba wa herufi si pambo la kubuni. Ni kalamu: ukiikandamiza kushuka, mstari unanenepa, ukiilegeza kupanda, unakuwa kama unywele. Karne ya 18 mafundi waliuchonga mwandiko huo kwenye mabamba ya shaba ili uchapwe. Herufi za risasi zilisumbua baadaye, kwani kila moja imekaa kwenye kipande chake na kuziunganisha ni kazi. Miaka ya 1960, uchapaji ulipoanza kutumia picha, Matthew Carter akachora Snell Roundhand kwa kufuata mkono wa Charles Snell, mwalimu mwingine wa London. Ndiyo tunayoikuta kwenye kompyuta.

Kwetu pwani, herufi kushikana halikuwa jambo geni. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mnamo 1858, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hushikana kwa asili yake.

Sasa kwa bi harusi mtarajiwa. Fonti hii ni ya majina mawili, basi. Siku, saa na mahali viandikwe kwa herufi za kawaida, maana bibi asiyeona vizuri naye amealikwa. Usikubali jina lote kwa herufi kubwa. KHADIJA akiandikwa hivyo hasomeki, ni msitu wa mikia. Jina lenye "kh" au "dh" lichapishwe kwanza kwenye karatasi moja, mlisome watu watatu.

Na kama nyumbani yupo shangazi mwenye mkono mzuri, mpeni bahasha aziandike yeye.